Jinsi ya kupima kama riba ya mkopo wako imevuka kikomo cha sheria: Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko

Nchini Kenya wapo wanaoamini mpaka leo kwamba benki hairuhusiwi kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Kikomo hicho kilikuwepo kweli. Kilianza tarehe 14 Septemba 2016 na kikafutwa Novemba 2019. Anayekwenda benki leo na hoja hiyo atasikilizwa kwa adabu, kisha atarudi nyumbani mikono mitupu. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo huenda analindwa na kifungu kingine cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007 na kinachofanya kazi hadi sasa, ila hajawahi kukisikia.

Vikomo vya riba haviko sawa kila mahali. Kuna nchi inayobana asilimia ya mwezi, nyingine inabana jumla ya gharama, nyingine inakuacha ukubaliane riba yoyote lakini inazuia deni lisivimbe baada ya wewe kushindwa kulipa. Kwa hiyo kazi ifanyike kwa mpangilio: mjue kwanza mkopeshaji wako kisheria, itafute riba halisi, ndipo ulinganishe na kikomo.

Mkopeshaji huyu yuko chini ya sheria gani?

Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewagawa wakopeshaji katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana. Daraja la pili ni wanaokopesha bila kupokea amana, yaani kampuni nyingi za mikopo za mtaani pamoja na wanaokopesha kwa simu. Daraja la tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii kama vikoba. Wote wako chini ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT), ila usimamizi wa SACCOS umekasimiwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika na ule wa vikundi kwa halmashauri. Daraja ndilo linaloamua riba unayoweza kuipinga na ofisi ya kulalamikia.

Kikomo kinachowagusa watu wengi ni cha daraja la pili: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Benki za biashara hazina kikomo cha namna hiyo, riba yake ni ya makubaliano. Lakini Julai 2021 BoT ilitumia njia ya motisha: benki inayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka inapata unafuu kwenye amana inazolazimika kuweka Benki Kuu. Mkulima akiambiwa asilimia 18, hawezi kushtaki kwa hilo, lakini ana haki ya kuuliza kama benki ina dirisha la mikopo ya asilimia 10 na masharti yake. Wapo pia wanaokopeshwa kwa riba sifuri kisheria: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Ofisa anayedai "riba kidogo tu" kwenye mkopo huo anadai kitu ambacho sheria haikijui.

Kenya, benki, taasisi za fedha na kampuni za mikopo ya nyumba zina Sheria ya Benki. Wakopeshaji wa kidijitali wanahitaji leseni ya Benki Kuu ya Kenya (CBK) chini ya kanuni za 2022. Sacco zina mamlaka yake. Shailoki, yaani mkopeshaji binafsi wa riba kubwa, asiye na leseni yuko nje ya yote haya, na kwake huna kinga yoyote zaidi ya sheria ya kawaida ya mikataba.

Uganda, wakopeshaji binafsi wa fedha wako chini ya sheria ya 2016 ya taasisi ndogo za daraja la nne na wakopeshaji fedha, na msimamizi wao ni UMRA, mamlaka ya Uganda inayosimamia huduma ndogo za fedha. Mwaka 2024 Waziri wa Fedha alitumia mamlaka aliyopewa na sheria hiyo akaweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi, sawa na 33.6 kwa mwaka. Benki hazimo. Leseni ya mkopeshaji huko huisha tarehe 31 Desemba ya kila mwaka, hata kama aliipata Novemba. Ukionyeshwa cheti ukutani, soma mwaka kabla ya jina.

Leseni ikaguliwe kabla ya kusaini, na isiishie kwenye cheti. BoT, CBK na UMRA huchapisha orodha za wenye leseni kwenye tovuti zao. Tafuta jina la kampuni lililoandikwa kwenye mkataba, si jina la kibiashara la kwenye bango wala la programu ya simu, kwa sababu kampuni moja inaweza kuendesha programu tatu zenye majina tofauti. Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila kibali. Kama jina la kampuni halipo kabisa kwenye mkataba, usiendelee.

Namba unazohitaji

Achana kwanza na asilimia uliyotajiwa. Chukua karatasi uandike:

- fedha uliyoipokea mkononi au kwenye simu, baada ya makato yote ya mwanzo;
- kiasi cha kila rejesho;
- idadi ya marejesho na nafasi kati yake (siku, wiki, mwezi);
- ada zinazolipwa pembeni: kuchakata mkopo, bima, fomu, "ulinzi wa dhamana";
- faini ya kuchelewa, na kama inapigwa juu ya rejesho lililochelewa au juu ya deni lote.

Namba ya kwanza ndiyo inayopotosha hesabu za watu wengi. Mkataba unasema 1,000,000, simu inaonyesha 950,000. Riba inahesabiwa kwenye milioni ambayo hukuishika. Hifadhi ujumbe wa muamala. Huo ndio ushahidi wa kiasi halisi.

Kuna mtego mbaya kuliko huo. Mkopeshaji anakupa milioni moja lakini mkataba unaandikwa milioni moja na nusu, "bila riba". Au unasainishwa hati ya kuuza pikipiki, shamba au nyumba, kwa maelezo kwamba ni utaratibu tu na itachanwa ukimaliza. Mikataba ya aina hii hutengenezwa ili kikomo cha riba kisionekane popote kwenye karatasi. Ukifika mahakamani utakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba kilichoandikwa sicho kilichotokea, na bila ujumbe wa muamala au shahidi, kazi hiyo ni ngumu. Ukitakiwa kusaini hati ya mauzo ili upewe mkopo, ondoka.

Flati au salio linalopungua?

Riba ya flati hupigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, hata kama nusu umesharudisha. Riba ya salio linalopungua hupigwa juu ya kile unachodaiwa bado. Asilimia ileile huzaa fedha tofauti kabisa.

Chukua TSh 1,000,000 kwa miezi 6, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa flati, riba ni 35,000 mara 6, yaani 210,000, na kila rejesho ni kama 201,667. Kwa salio linalopungua, kila rejesho ni 187,668 na riba yote ni takribani 126,000. Tofauti ni kama 84,000 kwenye mkopo unaotangazwa kwa namba moja. Ukigeuza ile flati kuwa riba ya salio, unapata takribani asilimia 5.7 kwa mwezi.

Sasa ongeza ada ya kuchakata ya asilimia 5 inayokatwa mwanzoni. Umepokea 950,000 na unarejesha 187,668 mara sita. Riba halisi imepanda kutoka 3.5 hadi takribani 5.1 kwa mwezi, ingawa mkataba bado unasema 3.5.

Hesabu hii haihitaji mhasibu. Fungua Excel au Google Sheets kwenye simu, uandike:

=RATE(6,-187668,950000)

Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili ni kiasi cha rejesho kikiwa na alama ya kutoa, ya tatu ni fedha uliyopokea. Ukisahau alama ya kutoa, jibu ni kosa. Kwenye simu nyingine mpangilio wa lugha hudai nukta-mkato badala ya mkato. Jibu linalotoka ni la kipindi kimoja: ikiwa marejesho ni ya mwezi, ni riba ya mwezi, ikiwa ni ya siku, ni ya siku. Seli ikionyesha 0.05 au 5% tu, ongeza idadi ya desimali, kwa sababu sehemu inayobishaniwa mara nyingi iko hapo.

Usipokuwa na programu hiyo, kuna njia ya haraka kwa marejesho yanayolingana: chukua riba ya flati ya kipindi kimoja, zidisha kwa mara mbili ya idadi ya marejesho, kisha gawanya kwa idadi hiyo ukiongeza moja. Kwa mfano wetu: 3.5 × 12 ÷ 7 = 6.0. Jibu sahihi ni 5.7, kwa hiyo njia hii huzidisha kidogo. Inatosha kukuonyesha hali ilivyo, haitoshi kuandikwa kwenye malalamiko.

Marejesho ya kila siku

Hapa ndipo mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba ya kunyonya, inapojificha vizuri zaidi. Unapewa TSh 300,000, unarejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 390,000. Mkopeshaji atasema ni asilimia 30 kwa mwezi, na hata hiyo ni kubwa mno ukilinganisha na 3.5. Lakini hukukaa na 300,000 mwezi mzima. Siku ya 15 deni lako lilikuwa limeshashuka karibu nusu. Weka =RATE(30,-13000,300000) na jibu ni kama asilimia 1.78 kwa siku, zaidi ya 53 kwa mwezi. Hiyo ni mara kumi na tano ya kikomo.

Unapolinganisha na kikomo, anza na hesabu inayompendelea mkopeshaji. Mpe flati, mwachie ada zote, mhesabie mwezi mzima. Kwa mfano huu: 300,000 × 3.5% = 10,500. Alichotoza ni 90,000. Kama amevuka kikomo hata kwa hesabu yake nzuri kuliko zote, huna haja ya kubishana kuhusu salio linalopungua wala ada. Ikiwa kwa flati yuko ndani lakini kwa riba halisi yuko nje, jua kwamba mabishano yatakuwa marefu, na yatategemea maneno ya mkataba na jinsi msimamizi anavyozichukulia ada.

Uganda vilevile. Mkopo wa USh 2,000,000 kwa miezi 4 kwa asilimia 10 ya mwezi huzaa riba ya 800,000 kwa flati. Kwa asilimia 2.8, flati ileile haivuki 224,000.

Mikopo ya simu

Programu nyingi hazitaji riba kabisa. Zinataja "ada ya huduma". Chukua KSh 5,000 kwa siku 30, ada asilimia 15 ikikatwa mwanzoni. Unapokea 4,250, unarudisha 5,000. Gawanya 750 kwa 4,250: ni asilimia 17.6 kwa siku 30, zaidi ya 200 kwa mwaka. Ukilipa siku ya 10 na ada isipunguzwe, umelipa bei ileile kwa theluthi ya muda. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia kulipa mapema, soma kama kuna punguzo. Mara nyingi hakuna.

Kanuni za Kenya za 2022 zinakupa kinga kubwa zaidi kwenye tabia ya mkopeshaji kuliko kwenye asilimia. Haruhusiwi kutumia vitisho wala matusi, wala kuwapigia bila idhini watu waliomo kwenye orodha ya majina ya simu yako. Kwa shailoki wa kidijitali, hilo la mwisho ndilo lilikuwa silaha yake kuu. Likitokea, piga picha za skrini zenye tarehe na namba, kisha peleka CBK na pia Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo imeshawatoza faini wakopeshaji kwa makosa ya aina hii.

Kenya: kikomo kinachoanza baada ya kushindwa kulipa

Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, ndicho kinachobeba kanuni ya in duplum, yaani deni lisivimbe kupita mara mbili. Hakikuambii benki itoze asilimia ngapi. Kinasema hivi: mkopo ukishakuwa chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo, benki haiwezi kukudai zaidi ya jumla ya vitu vitatu, yaani deni la msingi lililokuwa limebaki siku hiyo, riba isiyozidi kiasi hicho hicho, na gharama za ukusanyaji. Kwa kanuni za CBK, mkopo huhesabiwa chechefu ukicheleweshwa kupita siku 90.

Mfano. Ulikopa KSh 400,000, ukalipa vizuri mpaka deni la msingi likabaki 250,000, ndipo biashara ikakwama. Miaka mitano baadaye benki inadai 780,000. Kikomo ni 250,000 mara mbili, yaani 500,000, pamoja na gharama halali za kukusanya deni: wakili, dalali, mthamini. Si mara mbili ya 400,000, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kujipunja. Kama baada ya siku hiyo ulilipa 120,000 bila mkopo kurudi kwenye hali nzuri, dai zihesabiwe ndani ya zile 500,000.

Yapo mambo manne yanayoharibu hesabu hii:

Ukianza tena kulipa kisha ukakwama mara ya pili, kikomo huhesabiwa upya kuanzia mara ya mwisho mkopo ulipokuwa chechefu. Kulipa vijisehemu ili kumridhisha ofisa kunaweza kuwa na gharama.

Mkopo ukipangwa upya, riba iliyolimbikizwa huingizwa kwenye deni la msingi. Kile kilichokuwa 250,000 kinakuwa 420,000, nawe umesaini. Kabla ya kukubali kupangiwa upya, dai barua inayotenganisha deni la msingi, riba na faini, kisha uamue. Ni heri kulipa wiki moja ya ada ya wakili hapo kuliko miaka mitatu ya riba baadaye.

Amri ya mahakama ikishatolewa, riba inayotozwa kwa amri hiyo haiko chini ya kikomo hiki.

Na kifungu kinazihusu taasisi zenye leseni chini ya Sheria ya Benki. Usikipeleke kwa shailoki ukitegemea atashtuka.

Kuna kifungu kingine, cha 44, kinachoitaka benki ipate idhini ya Waziri wa Fedha kabla ya kupandisha viwango vya tozo zake. Benki zilibisha kwa muda mrefu kwamba riba haimo. Mahakama ya Juu ikaamua kwamba imo. Riba yako ikipandishwa katikati ya mkopo, omba kwa maandishi nakala ya idhini hiyo. Vilevile, kwa mikopo mipya ya shilingi yenye riba inayobadilika, CBK imeagiza tangu 1 Septemba 2025 bei ionekane katika sehemu mbili: kiwango cha rejea kinachoitwa KESONIA, na nyongeza ya benki. Nyongeza hiyo ndiyo ya kujadiliana, kwa kuwa kiwango cha rejea hakiko mikononi mwa benki.

Kwa nini kikomo cha 2016 kilikufa? Wakopaji wakubwa waliendelea kukopeshwa. Wadogo walinyimwa, kwa sababu kwa riba iliyobanwa benki iliona afadhali kuikopesha serikali kuliko mwenye duka katika soko la Gikomba, Nairobi. Wengi waliishia kwenye simu, kwa bei ya juu zaidi. Zambia nayo iliweka vikomo mwanzoni mwa 2013 ikaviondoa 2015. Mwenye kudai kikomo kirudi ana hoja ya haki, ila ajue kwamba asilimia peke yake haijawahi kumlinda mkopaji mdogo bila kubana ada na wakopeshaji wa pembeni.

Benki zisizotoza riba

Kwa wanaokopa kwa utaratibu wa Kiislamu, kama murabaha ya Amana Bank au madirisha ya benki nyingine, swali la kikomo hugeuka. Benki hununua kitu na kukuuzia kwa bei ya juu iliyofungwa. Uliza bei ya kununulia, bei ya kukuuzia, na idadi ya marejesho, kisha uweke kwenye RATE kama kawaida. Faida hiyo inaweza kuwa nafuu au ghali kuliko mkopo wa kawaida, jina halikuambii. Ubora wake ni kwamba bei haipandi katikati, na faini ya kuchelewa kwa kawaida hupelekwa kwenye sadaka badala ya mapato ya benki. Hakikisha hilo limeandikwa.

Ukiwa nje ya Afrika Mashariki

Afrika Kusini ina mfumo uliopangwa kuliko mingi. Kwa mkopo mdogo wa muda mfupi, usiozidi randi 8,000 na miezi 6, kikomo ni asilimia 5 kwa mwezi kwa mkopo wa kwanza katika mwaka wa kalenda na 3 kwa unaofuata. Mkopo usio na dhamana ni kiwango cha Benki Kuu jumlisha pointi 21. Ada ya huduma haivuki randi 60 kwa mwezi kabla ya kodi. In duplum ya huko ni kali kuliko ya Kenya kwa jambo moja: inajumlisha riba na ada zote kwa pamoja. Malalamiko huenda National Credit Regulator, msimamizi wa mikopo wa huko.

Uingereza haina kikomo cha jumla, ila mikopo ya gharama kubwa ya muda mfupi imebanwa tangu 2 Januari 2015 kwa namna tatu: asilimia 0.8 kwa siku, faini isiyozidi pauni 15, na jumla ya gharama zote isizidi kiasi ulichokopa. Piga hesabu: 0.8 × 30 ni 24. Ule mkopo wa simu wa asilimia 17.6 ungepita London bila tatizo. Uliokatazwa huko ni ule wa kausha damu, maana 1.78 kwa siku ni zaidi ya mara mbili ya kikomo.

Kanada ilishusha kiwango ambacho riba ikikivuka ni kosa la jinai hadi asilimia 35 kwa mwaka kuanzia 1 Januari 2025. Mikopo ya kungojea mshahara ina kikomo chake cha dola 14 kwa kila dola 100. Ufaransa, Benki Kuu yake hutangaza mara kwa mara kiwango cha juu, ambacho ni wastani wa soko kuongeza theluthi yake. Ujerumani, mahakama huanza kuutilia shaka mkataba riba ikifika mara mbili ya ile ya soko au ikiipita kwa pointi 12.

Marekani ndiyo inayochanganya watu. Kila jimbo lina sheria yake: New York ni asilimia 16 kwa madai ya kawaida na 25 kwa jinai, Illinois ni 36 kwa mikopo ya watumiaji tangu 2021, Utah hakuna. Lakini kesi ya Marquette ya 1978 iliruhusu benki ya kitaifa kutumia riba ya jimbo ilikosajiliwa. Ndiyo maana kadi iliyotolewa na benki ya Delaware au South Dakota inaweza kukutoza asilimia 29 ukiwa New York bila kuvunja sheria. Kwa hiyo kule angalia kwanza mkopeshaji amesajiliwa wapi, kabla ya kuangalia unakoishi. Aliye jeshini na wategemezi wake wana kikomo cha asilimia 36 kinachojumuisha ada nyingi. Na chama cha mikopo cha shirikisho hakivuki 18 kwa mikopo ya kawaida. Kwa mgeni asiye na historia ndefu ya mikopo, mlango huo ni wa kugonga mapema.

Oman, Benki Kuu ilishusha kikomo cha mikopo binafsi hadi asilimia 6 mwaka 2013. Falme za Kiarabu, kanuni za 2011 zinabana ukubwa wa mkopo: usizidi mshahara wa miezi 20, ulipwe ndani ya miezi 48, na makato yasivuke nusu ya mshahara na mapato mengine ya kawaida. Ofisa wa mauzo akikuahidi zaidi ya hapo kwa "kuongeza kidogo" barua ya mshahara, anayebeba kosa ni wewe.

Kupeleka malalamiko

Anza na mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi, kwa sababu wasimamizi wengi hukuuliza kwanza kama umemwandikia. Barua iwe ya ukurasa mmoja: namba ya mkataba, tarehe, fedha uliyopokea, marejesho uliyolipa, riba kwa hesabu inayompendelea yeye, kikomo unachodai amekivuka na sheria yake, kisha unachotaka: kurudishiwa ziada, au salio lihesabiwe upya. Ambatanisha mkataba, jedwali la marejesho na ujumbe wa miamala. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ikiwa ni programu ya simu, tuma kwa barua pepe na utunze nakala.

Usiache kulipa kila kitu wakati unasubiri. Lipa sehemu ambayo hubishani nayo, uandike kwenye barua kwamba unalipa hiyo na unapinga iliyobaki. Anayeacha kulipa kabisa hupoteza dhamana au huripotiwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo wakati malalamiko yake bado yako mezani.

Asipojibu au akijibu vibaya, peleka faili lilelile BoT, au Tume ya Ushirika kwa SACCOS, au halmashauri kwa kikundi. Kenya ni CBK kwa benki na wakopeshaji wa kidijitali. Uganda ni UMRA kwa wakopeshaji fedha. Uingereza, mkopeshaji ana wiki 8 za kukujibu, na ukipata jibu lake la mwisho una miezi 6 tu ya kwenda Financial Ombudsman Service, ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya fedha. Mkopeshaji asiye na leseni peleka kwa msimamizi na polisi kwa pamoja. Na kama alichukua kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, nenda benki ukaifunge siku hiyohiyo, kabla hata ya kuandika barua.